Namba Niliyoitangaza Siku Ile

Mwanangu mpendwa Shukuru,

Usishtuke ukiikuta barua hii katika kijarida cha jumuiya yetu ya hapa London kabla nakala yako haijakufikia kwa posta. Mama yako, nilipomweleza kilichomo, amenikataza. Amesema ya nyumbani huongelewa nyumbani, na mimi huwa namsikiliza, maana nisipomsikiliza nanywa chai kavu wiki nzima. Safari hii nimeikubali chai kavu. Ukifika mwisho utajua kwa nini sikutaka kukunong'oneza kwenye simu.

Wiki mbili zilizopita tulipata bahasha yako yenye kipande cha gazeti la huko kwenu Marekani. Wewe huyo pichani, umekaa peke yako kwenye viti vya uwanja wa chuo fulani, koti limekufunika mpaka masikioni, daftari magotini. Wameandika kwamba wewe ni mmoja wa wasaka vipaji ambao klabu yenu inawategemea kila mwaka inapochagua vijana wa vyuo wa kuingia kwenye mpira wa Kimarekani wa kulipwa. Mama yako alikipeleka kanisani. Kikapita mkono kwa mkono, na mke wa mchungaji akauliza kama umeshaoa. Mimi nilijifanya natafuta miwani, kumbe nilikuwa natafuta pumzi. Mwalimu wa michezo kutoka Singida, msukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Lewisham, leo mwanawe anaulizwa na Wamarekani ni nani anafaa kucheza mchezo wao wenyewe!

Halafu nikafika aya ya mwisho. Mwandishi amekuuliza kwa nini unawapa nafasi ya pili vijana ambao saa imewakataa. Ukamjibu kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mzito. Kwamba ulipimwa mbio London ukakosa nafasi, ukapanda kilima mwaka mzima, ukapunguza nukta tatu za sekunde. Hadithi hiyo, mwanangu, si ya kweli. Aliyeipotosha si wewe. Ni mimi, na nimekaa nayo zaidi ya miaka kumi.

Ngoja nianzie mahali unapopakumbuka, nipate nguvu.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Jumamosi moja wewe na mama yako mlikuwa sokoni, mimi nimetoka zamu ya asubuhi, nikapita Blackheath kunyoosha miguu. Nikawakuta vijana wa chuo wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanagombania mpira wenye umbo la yai. Sikuelewa hata kidogo nani anamshinda nani. Ila mbio nilizielewa. Nikatoa mfukoni saa yangu ya mbio, ile niliyokuja nayo kutoka shuleni Singida, nikaanza kuwapima bila kuombwa, kama mwalimu mstaafu anayesahihisha madaftari ya watoto wa jirani. Kumbe pembeni yangu amesimama Kocha Dale, Mmarekani mwenye tumbo lililomtangulia, wa timu ya kulipwa ya hapa mjini. Kanuni zao ziliwataka wawe na wachezaji kadhaa waliokulia Uingereza, kwa hiyo alikuwa akizunguka vyuoni kuwatafuta. Alilinganisha saa yake na yangu mara tatu. Akasema hajawahi kuona kidole kisichokosea kama changu. Wiki iliyofuata nikawa mtu wake wa Jumapili.

Nilipomwambia mama yako kwamba kazi yenyewe ni ya mambo ya drafti, alidhani nimeingia kwenye mchezo wa vizibo vya soda. Nikamweleza kwamba ni siku moja kwa mwaka, timu zinakaa mezani na kuchagua wachezaji kwa zamu, mmoja mmoja, na kabla ya siku hiyo watu kama mimi wanapita vyuoni kuwatazama vijana na kuandika ukurasa mmoja juu ya kila mmoja. Akafikiri kidogo. "Yaani ni kama kuposa," akasema. "Wewe ni mshenga." Sijawahi kupata maelezo bora zaidi ya kazi ile.

Basi ukawa mshenga mdogo. Kila Jumapili baada ya ibada tulipanda treni wewe na mimi, chapati zimefungwa kwenye karatasi ya foili, chai kwenye chupa, tunakwenda viwanja ambavyo Kocha Dale hakuwa na muda navyo. Siku hizo ulikuwa umeacha kabisa kunijibu kwa Kiswahili. Nilikuambia usitazame mpira, mpira utakudanganya, mtazame mtu akiwa hana mpira. Ukanijibu, "But Dad, nothing is happening." Nikakwambia ndiyo, hakuna kinachotokea, sasa hivi ndipo umtazame. Anainukaje akiangushwa? Akikosea anarudi kwa wenzake anatembea au anajikokota? Akimaliza kunywa maji, chupa anampa mwenzake au anaitupa chini? Ulinuna, lakini ulitazama.

Ikafika siku ile ya mvua, sikumbuki ni chuo gani. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzuri juu ya kijana mmoja mrefu, nimemsifia mpaka wino ukaisha. Ukanivuta mkono wa koti. Ukasema, kwa Kiswahili, tena safi, "Baba, yule anaficha goti. Kila akisimama anaanza na mguu wa kulia." Nilimtazama robo saa nzima. Kweli. Mimi, mwalimu wa michezo wa miaka kumi na minane, nilikuwa sijaliona. Nilifurahi mpaka nikataka kukubeba mabegani pale pale, nawe umeshanifikia kifuani. Badala yake nilikuambia ufunge zipu ya koti.

Ndivyo nilivyokuwa, Shukuru, na wewe unajua. Unakumbuka Singida, ukiwa darasa la pili? Darasa likipiga kelele, wa kwanza kuchapwa alikuwa wewe, ili wenzako wasije kusema mtoto wa mwalimu anapendelewa. Nilidhani hiyo ndiyo haki. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilikuwa najiambia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikaongeza na hiyo, maana mtu anayejificha nyuma ya methali haoni haya kuchukua mbili. Ulipoingia chuo kikuu ukaanza kuucheza mchezo ule mwenyewe, sikukupa hata neno. Siku uliyofunga mara tatu nilikuambia viatu vyako vichafu.

Na pale kwenye timu hakuna aliyejua kwamba wewe ni wangu. Mimi ni Yona Mkhandi, wewe ni Shukuru Yona, kwa desturi ya kwetu ya mtoto kuitwa kwa jina la baba yake. Waingereza na Wamarekani wakisoma majina hayo wanaona watu wawili wasiojuana. Kocha Dale hakuwahi kutukuta pamoja, na mimi sikumwambia. Niliona ni heri. Nikajiambia utaingia kwa miguu yako, si kwa mgongo wangu.

Basi siku ya majaribio ikafika. Ulikuwa na miaka ishirini. Asubuhi ya upepo, uwanja umekodiwa kwa saa chache tu, kwa hiyo kila kijana alikimbia yadi arobaini mara moja, basi. Walikuwa zaidi ya sitini. Mimi nimesimama mwisho wa mstari na saa yangu, natangaza namba kwa sauti, karani anaandika. Nyuma yangu, kwenye uzio, alisimama Baba Furaha wa kanisani kwetu, yule Mkongo mwenye kicheko kikubwa, maana Furaha wake naye alikuwa anapimwa. Ukiacha ninyi vijana wawili, katika watu wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyejua wewe ni nani kwangu. Ulipoitwa mstarini, akanitania kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Mwalimu, leo tutaona kama saa yako inajua ni mutoto ya nani anakimbia!"

Utani tu. Hana kosa lolote, na nimeshamwambia hivyo. Lakini masikio yangu yaliwaka moto.

Ukainama. Ukaondoka. Nimepima mbio tangu sijaoa, nimewapima vijana waliokwenda kuuwakilisha mkoa, na sikuwahi kuona mtu anaondoka chini namna ile. Saa ilisoma sekunde nne nukta tano. Niliitazama mara mbili. Namba hiyo hakuna aliyeifikia asubuhi ile, wala mwaka wa kabla yake, wala wa kabla ya huo. Nikamkumbuka Baba Furaha kule nyuma. Nikamwona kichwani mwangu akiwaambia watu kanisani kwamba Mwalimu naye kumbe ni walewale, anapendelea wa kwake. Nikafungua kinywa nikatangaza:

"Nne nukta nane!"

Karani akaandika. Mimi nikaifuta saa.

Ulinigeukia. Ulinitazama kidogo, halafu ukainamisha uso ukaitazama miguu yako, kama ndiyo iliyokukosea. Naiona sura ile mpaka leo nikiwa nasukuma kitanda kwenye korido.

Jioni niliandika ukurasa wako kama ninavyoandika ripoti ya mwanafunzi wa kawaida: anajitahidi, aendelee na mazoezi. Furaha alikimbia nne nukta saba, ya haki kabisa, na siku ya drafti akachaguliwa. Wewe hukuchaguliwa. Ulivaa shati safi ukaenda kwao kumpongeza, ukarudi na bakuli la sombe, kisamvu cha Kikongo, la mama yake, ukasema ni tamu. Hakuna aliyekufundisha hilo. Mimi nilikuwa jikoni, nikalila sombe lile nikiwa nimeinama.

Ndipo kilipoanza kilima. Kila asubuhi kabla ya masomo, bustani ya Hilly Fields, juu na chini, mvua, baridi, theluji ya siku mbili ile iliyofunga shule. Ukirudi unapanda ngazi za nyumba kwa mikono. Mama yako alivumilia miezi mitatu, kisha akanikalisha chini.

"Yona, mtoto anajiua na kile kilima. Wewe ulikuwa pale siku ya trial na saa yako. Ulimwandika nini?"

"Nilimwandika anajitahidi."

"Anajitahidi?" Akaweka mikono kiunoni. "Mtoto wa mwenzio ungemwandika hivyo?"

Yeye alidhani kosa langu lilikuwa ubahili wa maneno tu, nami nikamwacha adhani hivyo. Kesho yake nilikwenda kwa Kocha Dale nikamwambia kwamba Shukuru Yona ni mwanangu wa kumzaa, na kwamba mwaka unaofuata ampime mtu mwingine. Nilikusudia kumwambia na lile la pili. Naapa nilikusudia. Lakini yule bwana alinishika bega, macho yamemjaa maji, akasema alijua kuwa mimi ni mtu mwaminifu ila hakujua ni kwa kiasi hicho, na kwamba angepata watatu kama mimi asingehitaji wengine. Nikamshukuru. Nikatoka pale na sifa ambayo si yangu, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata nilisimama kwenye uzio na mama yako. Walikupima watu wawili, kila mmoja na saa yake. Ulipovuka mstari walilinganisha saa zao, wakatikisa vichwa kukubaliana, wakatangaza. Nne nukta tano. Ile ile, Shukuru. Wala si pungufu wala si zaidi. Ukaruka uzio ukanikumbatia, jasho lako likaniloanisha shati, ukapiga kelele, "Baba, nimepunguza nukta tatu! Kilima, Baba! Kilima!"

Nikasema, "Hongera, mwanangu."

Hiyo ndiyo hongera ya kwanza niliyokupa katika mchezo ule. Ilikuwa juu ya kitu ambacho hakikutokea.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulichaguliwa, ukacheza hapa London misimu miwili, na nilikaa pale kwenye viti nikiwaeleza Waingereza wasiouliza kwamba namba ishirini na moja ni wangu. Hilo nadhani hujui. Nilianza kusema, ila nilisema kwa wageni. Kisha ukaitwa Marekani kwenye kambi ya klabu kubwa, goti likapasuka wiki ya pili, wakakurudishia mizigo yako. Tulitandika kitanda chako tukakungoja. Hukurudi. Ulikwenda kwenye chuo kidogo ambacho hata mama yako hawezi kulitamka jina lake, ukabeba chupa za maji, ukapanga kanda za video, ukafundisha vijana kukimbia, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakaanza kusema muulizeni yule Mtanzania, yeye anawaona watu.

Najivunia hilo kuliko nilivyojivunia zile mbio. Unaponipigia Jumapili na kunieleza safari zako, mimi huweka simu karibu na sikio zima, nakusikiliza mpaka chai inapoa. Kwamba ukifika chuoni huendi kwanza kwa kocha, unakwenda kwa mama wa jikoni kumuuliza yule kijana maarufu anarudishaje sahani yake. Kwamba unafika uwanjani kabla ya wote na unaondoka baada ya wote. Kwamba wenzako wanaangalia video ya mikimbio, wewe unarudisha nyuma kuangalia kijana anafanya nini baada ya filimbi. Ulikichukua kile kidogo nilichokupa kwenye treni ukakikuza, mimi nisingekifikisha huko hata ningepewa maisha mawili. Mimi nilipima miguu. Wewe unapima watu.

Mwezi uliopita ukanieleza kitu kingine, kwa haraka, kama jambo dogo. Kwamba katika vijana wa mwaka huu alikuwemo mtoto wa rafiki yako wa karibu, na kwamba wenzako ofisini walikuwa wanakutazama utamwandika nini. "Nikaandika alivyo, Baba. Ni mzuri. Nikaandika ni mzuri." Nilinyamaza mpaka ukadhani laini imekatika. Ukaita, "Baba? Baba upo?" Nikasema nipo. Sikuwepo. Nilikuwa kwenye ule uwanja wa upepo, na saa mkononi, nikimwangalia mwanangu akifanya kwa wepesi kitu ambacho mimi kilinishinda.

Najua unawaza nini sasa. Unawaza vijana wale uliowapa nafasi ya pili kwa sababu ya kilima chako. Usiwarudishe nyuma hata mmoja. Walistahili, na uliwaona kwa macho yako, si kwa hadithi. Wapo watakaosoma hapa waseme basi uongo wa Mwalimu ulizaa mema. Wasinipambe. Mchezo ule hauna miaka mingi ndani yake. Ulikuwa na ishirini na goti zima, ungecheza msimu mmoja zaidi, na huo mmoja niliuchukua mimi. Tena nilikufanya uamini kwamba una kasoro ambayo hukuwa nayo. Huku nikijiita mtenda haki.

Jumapili iliyopita nilimpa Baba Furaha barua hii aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisoma amesimama. Alipomaliza hakucheka, na unajua ni vigumu kiasi gani kwake. "Mwalimu, mimi nilikuwa nachekesha tu," akasema. Nikamwambia najua. Akanirudishia karatasi. "Basi toa. Na jina yangu acha humo. Watu wajue nilikuwa pale, mimi ni shahidi."

Kwa hiyo shahidi ninaye, na wasomaji ninao. Wasikie wote. Shukuru Yona, mtoto wa Yona Mkhandi, alikimbia yadi arobaini kwa sekunde nne nukta tano mara ya kwanza alipopimwa. Hakuwa mzito siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Katika miaka yote niliyopima vijana wa London yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, nami nilijua, saa ilinionyesha, nikaificha namba kwa kuogopa maneno ya watu. Nilikunyima mbele za watu, mwanangu. Ndiyo maana sikutaka kukurudishia chumbani.

Jumapili ukipiga simu, kama una hasira, piga nayo hivyo hivyo. Nimemwomba mama yako asiiguse. Nitaipokea mimi.

Nakutakia heri na afya, na goti lako lisalimike na baridi ya huko.

Ni mimi,
Baba yako